Marekebisho 27: Nani Hasa Analindwa na Katiba ya Marekani?

Mtu anayeomba uraia wa Marekani, awe ametoka Kisumu, Bukavu au Tanga, hukaa mezani mbele ya ofisa wa uhamiaji na kuulizwa maswali kuhusu serikali na historia ya nchi hiyo. Moja ya maswali ambayo yamekuwa kwenye orodha kwa miaka mingi ni hili: Katiba ina marekebisho mangapi? Jibu ni 27, na aliyelikariri hupata alama yake. Lakini namba hiyo inaficha mengi. Marekebisho kumi kati ya hayo yalipita kwa mpigo mwaka 1791. Moja lilipiga marufuku pombe mwaka 1919, na jingine likaja miaka 14 baadaye kulifuta. Moja lilisubiri zaidi ya miaka 200 kukamilika. Na matatu yaliyoandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambayo ndiyo msingi wa uraia wa Marekani wa leo, yalikaa karibu karne nzima bila kuwafaa watu yaliyoandikwa kwa ajili yao.

Ninachokiona nikiyapitia ni kwamba maandishi peke yake hayakutosha karibu popote. Haki iliandikwa, kisha ikamsubiri mtu wa kuidai, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na cheo wala fedha. Kwa hiyo kila kifungu kinastahili kuulizwa maswali mawili: kinambana nani, na kinamlinda nani? Majibu yamebadilika sana ilhali maneno yenyewe hayajabadilika hata nukta.

Tuanze na jinsi Katiba inavyobadilishwa. Iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, na Ibara yake ya 5 inaweka masharti magumu. Pendekezo linatakiwa lipate theluthi mbili ya kura katika Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili katika Seneti. Njia nyingine ni theluthi mbili ya mabunge ya majimbo kudai uitishwe mkutano maalumu wa katiba, na njia hiyo haijatumika hata mara moja. Baada ya hapo robo tatu ya majimbo ndiyo huridhia. Kwa majimbo 50 ya sasa, hayo ni majimbo 38. Maana yake ni kwamba majimbo 13 yakigoma, hata yakiwa yale yenye watu wachache kabisa, pendekezo limekufa. Rais hana nafasi katika jambo hili: sahihi yake haihitajiki, na hana uwezo wa kulizuia.

Tangu 1789 wabunge wa Kongresi, yaani Bunge la taifa, wamewasilisha mapendekezo zaidi ya 11,000. Yaliyovuka na kupelekwa kwa majimbo ni 33 tu, na kati ya hayo yakapita 27. Kisa cha hilo la mwisho kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1789 mbunge James Madison alipendekeza kwamba nyongeza ya mishahara ya wabunge isianze kulipwa mpaka uchaguzi mwingine wa Baraza la Wawakilishi uwe umefanyika, ili wasijipandishie mshahara wakiwa bado vitini. Pendekezo hilo halikupata majimbo ya kutosha, likasahaulika. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Gregory Watson, aliandika kazi ya darasani akieleza kwamba pendekezo lile bado lilikuwa hai, kwa kuwa halikuwekewa muda wa mwisho. Akapewa alama ya C. Hakukata tamaa, akaanza kuandika barua kwa mabunge ya majimbo, jimbo baada ya jimbo, na Mei 1992 idadi iliyotakiwa ikatimia. Hayo ndiyo Marekebisho ya 27.

Pendekezo la haki sawa kwa wanawake halikuwa na bahati hiyo. Lilipitishwa na Kongresi mwaka 1972, likawekewa muda wa mwisho, muda ukasogezwa hadi 1982, na siku ilipofika majimbo yaliyoridhia yalikuwa 35. Virginia ilikuja kuridhia mwaka 2020 na kuifikisha hesabu kwenye 38, lakini muda ulikuwa umeshapita zamani. Mpaka sasa halimo katika Katiba. Marekebisho yaliyopita upesi kuliko yote ni ya 26, yaliyoshusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18. Yalitoka Kongresi Machi 1971 na kukamilika Julai 1 mwaka huohuo, kwa sababu vijana wa miaka 18 walikuwa wakipelekwa kufa Vietnam na huku hawana kura. Tangu hapo hakuna pendekezo jipya lililotoka Kongresi likafika mwisho wa safari.

Ugumu huu una matokeo yake. Nchi hubadilika, na kama Katiba haibadiliki kwa kalamu, itabadilika kwa tafsiri. Mzigo umehamia kwa majaji tisa wa Mahakama ya Juu. Wao ndio wanaoamua kama neno lililoandikwa enzi za farasi na mishumaa linahusu simu ya mkononi, shule ya mseto au bastola iliyofichwa kiunoni.

Sasa tuyaangalie yale kumi ya kwanza, ambayo kwa pamoja huitwa Hati ya Haki. Katiba ya 1787 haikuwa na orodha ya haki za raia, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya George Mason wa Virginia akatae kuitia sahihi. Madison mwenyewe mwanzoni hakuona haja ya orodha, ila watu walidai, na majimbo kadhaa yaliridhia Katiba kwa shingo upande. Juni 1789 akaleta mapendekezo yake. Kongresi ikapeleka 12 kwa majimbo, yakapita kumi tarehe 15 Desemba 1791.

Ya kwanza yanalinda dini, kusema, magazeti, kukusanyika na kuipelekea serikali malalamiko. Ya pili yanahusu kumiliki na kubeba silaha. Ya tatu yanakataza askari kuwekwa kwenye nyumba za watu wakati wa amani bila ridhaa ya mwenye nyumba, suala lililokuwa donda bichi kwa watu waliotoka kupigana na Waingereza. Ya nne yanazuia upekuzi na ukamataji usio na sababu. Ya tano mpaka ya nane ni kinga ya mtu aliyeingia mikononi mwa dola: asilazimishwe kujishuhudia, asishtakiwe mara mbili kwa kosa lilelile, mali yake isichukuliwe bila fidia ya haki, ahukumiwe upesi na hadharani mbele ya jopo la wananchi, awe na wakili, asitozwe dhamana ya kupindukia, asipewe adhabu ya kikatili. Ya tisa yanasema kwamba kutajwa kwa haki hizi hakumaanishi watu hawana nyingine, na ya kumi yanayaachia majimbo na wananchi mamlaka ambayo serikali ya taifa haikupewa.

Ukiyasoma hivyo utadhani tangu 1791 kila Mmarekani alikuwa amekingwa. Hata kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa Baltimore, John Barron, alikuwa na gati bandarini ambako meli zilitia nanga. Manispaa ilipojenga barabara ikageuza mikondo ya vijito, mchanga na matope yakajaa mbele ya gati lake, na meli zikashindwa kukaribia. Barron akadai fidia kwa kutegemea Marekebisho ya 5. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ikamwambia kwamba Hati ya Haki inaibana serikali ya taifa tu. Jimbo na mji wake havimo. Kwa hiyo jimbo liliweza kufanya kile ambacho Kongresi ilikatazwa. Massachusetts iliendelea kuwa na kanisa linalotegemea kodi hadi mwaka huohuo wa 1833. Majimbo ya kusini yaliharamisha vitabu na magazeti yaliyopinga utumwa, na uhuru wa magazeti wa Marekebisho ya 1 haukuwa na la kuyafanya.

Hapa pana jambo ambalo hata Wamarekani wengi huchanganya, na wahamiaji huchanganya zaidi. Haki hizi zinaibana serikali. Mwajiri binafsi akikufukuza kwa uliyoyaandika mtandaoni, au kampuni ya mtandao wa kijamii ikifuta ujumbe wako, Marekebisho ya 1 hayajavunjwa. Huenda ipo sheria nyingine ya kukusaidia, ya kazi au ya jimbo, lakini siyo hii. Polisi, mwalimu wa shule ya umma, ofisa wa manispaa, mlinzi wa gereza: hao ndio wanaobanwa.

Kilichoibadilisha nchi ni vita vya 1861 hadi 1865. Miaka michache kabla yake, Dred Scott, mtumwa ambaye bwana wake aliwahi kuishi naye kwenye maeneo yasiyoruhusu utumwa, alidai mahakamani kwamba sasa ni mtu huru. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney alimjibu kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa wa Kiafrika, hata akiwa huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwa hiyo hana hata haki ya kufungua kesi katika mahakama za taifa. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo bila uchungu. Haikuwa kauli ya mkulima mwenye hasira. Ilikuwa sauti rasmi ya mahakama ya juu kabisa, ikitumia Katiba kama ushahidi.

Marekebisho matatu yaliandikwa kuizika hukumu hiyo. Ya 13, ya mwaka 1865, yalikomesha utumwa, ila yaliacha mwanya: utumishi wa lazima unaruhusiwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Majimbo ya kusini yaliuona mwanya huo mara moja. Yakatunga sheria za uzururaji, yakawakamata watu weusi wasio na kazi au wasio na kipande cha mwajiri, kisha yakawakodisha kama wafungwa kwa wenye mashamba, migodi na reli. Mwanya huo haujazibwa hadi leo, ingawa majimbo kadhaa yameuondoa kwenye katiba zao. Ya 15, ya mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Katikati ya hayo mawili yapo ya 14, ya mwaka 1868, na kama msomaji ana muda wa kusoma kifungu kimoja tu cha Katiba ya Marekani, basi asome kifungu cha kwanza cha haya. Kinasema kwamba kila aliyezaliwa Marekani au aliyepewa uraia wake, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia. Kinalikataza jimbo kupunguza haki za raia. Kisha kinapanua wigo na kuacha kusema habari za raia: jimbo lisimnyime mtu yeyote uhai, uhuru wala mali bila kufuata utaratibu wa sheria, wala lisimnyime mtu yeyote aliye ndani ya mipaka yake ulinzi sawa wa sheria. Waandishi wake walijua walichokuwa wakifanya walipotenganisha makundi hayo mawili, na tofauti hiyo imewaokoa watu wengi wasio raia, kama tutakavyoona.

Lakini hati hiyo nzuri iliwekwa kabatini. Mwaka 1892 Homer Plessy, aliyehesabiwa mweusi, alikaa kwenye behewa la weupe huko Louisiana kwa makusudi, ili akamatwe na kesi ifunguliwe. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikasema kutenganisha watu kwa rangi si kuwabagua, mradi huduma ziwe sawa. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Huduma hazikuwa sawa, na kila mwenye macho aliona. Wakati huohuo kura ya mtu mweusi kusini ilizimwa kwa kodi ya kupigia kura, kwa mitihani ya kusoma iliyosahihishwa kwa upendeleo, na kwa vitisho vya kuuawa. Marekebisho ya 14 na ya 15 yalikuwa kwenye vitabu muda wote huo.

Aliyeyatoa kabatini ni kizazi cha mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na aliyewaongoza hadi kwenye ushindi mkubwa ni Thurgood Marshall. Hawakukurupuka. Walianza na kesi za vyuo vikuu, ambako ilikuwa rahisi kuonyesha kwamba jimbo halikuwa na chuo cha sheria kwa weusi kinachofanana hata kidogo na kile cha weupe, wakajenga hoja moja juu ya nyingine, na ndipo wakaingia kwenye shule za watoto. Mei 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa walikubali kwamba shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Maneno ya 1868 yalikuwa yaleyale, lakini maisha ya watu sasa yalianza kubadilika.

Marshall ana uhusiano na kwetu ambao haukumbukwi inavyostahili. Mwaka 1960, Tom Mboya na wajumbe wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda kwenye mkutano wa Lancaster House jijini London, walimwomba awe mshauri wao wa katiba. Aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya. Kilichoonekana cha ajabu wakati ule ni kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea weusi walio wachache Marekani aliandika vifungu vya kulinda, miongoni mwa mengine, mali za wazungu na Wahindi ambao sasa ndio wangekuwa wachache Kenya. Kwangu mimi hapo hapana mgongano: alijua kwa uzoefu kwamba haki isiyomlinda mtu asiyependwa na wengi haimlindi mtu. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1987, nchi ilipokuwa ikisherehekea miaka 200 ya Katiba, alitoa hotuba Hawaii akikataa kuwasifu waasisi bila kipimo. Alieleza kwamba serikali waliyoiunda ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, na kwamba ilihitaji marekebisho kadhaa, vita na mageuzi makubwa ya kijamii ili kufikia heshima ya haki za mtu inayoonekana leo.

Kazi nyingine kubwa ya Marekebisho ya 14 ilikuwa kuupindua uamuzi wa Barron. Polepole, tangu miaka ya 1920, majaji walianza kusema kwamba kile kifungu cha utaratibu wa sheria kinabeba ndani yake haki za Hati ya Haki, moja baada ya nyingine, na kuyabana majimbo pia. Hakuna kesi inayoonyesha jambo hili vizuri kama ya Clarence Earl Gideon.

Mwaka 1961, huko Panama City, Florida, Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa puli kwa nia ya kuiba. Hakuwa na kitu. Alimwomba jaji ampatie wakili, jaji akamjibu kwamba kwa sheria ya Florida mahakama humpa mtu wakili pale tu anapokabiliwa na adhabu ya kifo. Gideon akajitetea mwenyewe, akawahoji mashahidi kadiri alivyojua, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi za gereza zenye mistari, akaiandikia Mahakama ya Juu kwa mkono wake. Mahakama ikapokea ombi, ikamteulia wakili hodari, Abe Fortas, na Machi 1963 majaji wote tisa wakaamua kwamba mtu maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa katika mahakama ya jimbo lazima apewe wakili. Kesi yake ikaanza upya. Safari hii wakili alimbana shahidi mkuu yuleyule wa mara ya kwanza, akaonyesha mapengo katika maelezo yake, na jopo likamwachia Gideon huru. Haki ya wakili ilikuwa imeandikwa tangu 1791. Ilimfikia mtu wa aina yake baada ya miaka 172, na hata sasa mawakili wa umma katika majimbo mengi wana mafaili mengi kuliko wanayoweza kuyashughulikia, kwa hiyo haki hiyo bado ni nusu.

Baada ya Gideon ilikuja kesi ya Miranda mwaka 1966, ndiyo sababu polisi lazima amwambie mtu aliye kizuizini, kabla ya kumhoji, kwamba anaweza kunyamaza na kupata wakili. Ikaja kesi ya Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13 wa Des Moines, Iowa, aliyesimamishwa shule mwaka 1965 kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1969 Mahakama ikasema mwanafunzi haachi uhuru wake wa kusema kwenye lango la shule ya umma. Na mwaka 2014 majaji wote walikubaliana kwamba polisi hawezi kuipekua simu ya mtu aliyemkamata bila hati ya mahakama, isipokuwa kuna dharura. Mpakani na viwanja vya ndege kanuni ni legevu zaidi, na msafiri asidhani kinga hiyo inamfuata hadi kwenye dawati la uhamiaji.

Kura ina historia yake. Katiba ya mwanzo haikusema nani apige kura, iliyaachia majimbo. Marekebisho yaliyofuata hayakumpa mtu kura moja kwa moja, yalitaja tu sababu zisizokubalika za kumnyima: rangi katika ya 15, jinsia katika ya 19, kushindwa kulipa kodi katika ya 24, umri kwa aliyefikisha miaka 18 katika ya 26. Yale ya 19 yalikamilika Tennessee Agosti 1920. Harry Burn, mbunge wa miaka 24, alikuwa amehesabiwa upande wa wapinzani, lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake ikimhimiza awaunge mkono wanawake. Kura yake ilivunja mkwamo, na Tennessee ikawa jimbo la 36 kati ya 48 ya wakati ule. Wanawake weusi wa kusini walisubiri tena. Ilibidi waandamanaji waliodai kura wapigwe kwenye daraja la Selma, Alabama, Machi 1965, ndipo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikasainiwa Agosti mwaka huo na kuyapa Marekebisho ya 15 meno. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliyang'oa baadhi ya meno hayo, ilipobatilisha kanuni iliyotumika kuamua ni majimbo yapi yanayopaswa kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu zao za uchaguzi.

Uamuzi huo unaonyesha upande wa pili wa kutegemea tafsiri: mahakama inayotoa inaweza kunyang'anya. Kwa muda mrefu mahakama ziliyasoma Marekebisho ya 2 kwa kuyafunga na jeshi la mgambo la jimbo. Mwaka 2008, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ikasema ni haki ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda, na mwaka 2022 ikaipanua hadi kubeba silaha hadharani. Siku moja tu baadaye, Juni 24, 2022, ikafuta uamuzi wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba kwa kutegemea Marekebisho ya 14, na kuyarudishia majimbo suala hilo. Mtu anaweza kuunga mkono moja na kupinga jingine. Lakini somo la kisheria ni lilelile: haki iliyotajwa kwa jina ndani ya Katiba ina mizizi mirefu kuliko haki iliyochimbuliwa na majaji kutoka maneno ya jumla, na inayong'olewa kwa urahisi ni hii ya pili.

Sasa turudi kwa wasio raia, maana hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Minnesota, Texas au Ohio wanapoguswa. Mwaka 1886 dobi Mchina wa San Francisco ambaye hakuwa raia, anayejulikana mahakamani kama Yick Wo, alishinda kesi dhidi ya manispaa iliyokuwa ikiwanyima Wachina vibali vya kufulia nguo na kuwapa wengine. Mahakama ilisema ulinzi sawa wa sheria ni wa kila mtu aliye nchini. Mwaka 1982 kanuni hiyohiyo ililizuia jimbo la Texas kuwafungia mlango wa shule za umma watoto wasio na karatasi. Mtu asiye raia, basi, ana uhuru wa kusema na kuabudu, ana haki ya kunyamaza anapohojiwa kwa jinai, ana haki ya kusikilizwa. Asichokuwa nacho ni kura katika uchaguzi wa taifa, ni uhakika wa kutofukuzwa nchini, na katika mahakama za uhamiaji hapewi wakili kwa gharama ya serikali. Gideon haimfikii huko.

Uraia wa kuzaliwa nao una mtu wake. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria haikuwaruhusu kabisa kuwa raia. Aliporudi kutoka ziara ya China mwaka 1895, ofisa wa bandari alikataa kumpokea, akazuiliwa melini. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba yeye ni raia kwa kuzaliwa. Wenyeji wa asili wa bara hilo, kwa upande wao, walihesabiwa kuwa nje ya kifungu hicho, na waliokuwa bado bila uraia waliupata kwa sheria ya Kongresi ya mwaka 1924. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri iliyokusudia kuwanyima uraia watoto ambao mama yao yuko nchini bila kibali au kwa viza ya muda, na baba yao si raia wala mkaazi wa kudumu. Wanafunzi wawili wa Kitanzania au Kikenya, mume na mke, wakipata mtoto wakiwa chuoni, wangeguswa moja kwa moja. Amri ilishtakiwa mara moja, na miongoni mwa walioishtaki walikuwamo wajawazito. Mahakama za chini zikaizuia, suala likapanda hadi Mahakama ya Juu. Hakuna aliyejaribu kutafuta majimbo 38 ya kulibadili andiko. Mabishano yote yalikuwa juu ya maana ya kuwa chini ya mamlaka ya Marekani, maneno yaleyale yaliyompa ushindi Wong Kim Ark.

Kwa ndugu zetu wanaoishi huko, hayo yote hugeuka mambo ya kila siku. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anayekwenda kuchukua leseni ya udereva huweza kuulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Akijibu ndiyo kwa kutoelewa, anaweza kuuharibu uraia anaoutafuta, hata kufukuzwa. Ofisa akibisha hodi, hati iliyotiwa saini na jaji ni kitu kimoja, na karatasi iliyotiwa saini na ofisa wa uhamiaji mwenyewe ni kitu kingine. Kwa miaka mingi mawakili wamewafundisha watu kutofungua mlango kabla ya kuiona hati, na kuomba ipitishwe chini ya mlango. Na aliyekwisha kula kiapo cha uraia ana ngao ya uamuzi wa 1967, unaosema serikali haiwezi kumvua Mmarekani uraia wake bila ridhaa yake. Ngao hiyo haimkingi aliyeupata kwa udanganyifu, na serikali hurudi nyuma miaka mingi kuyakagua majibu ya fomu. Kwa hiyo fomu ijazwe kwa ukweli mtupu, ipitiwe na mwanasheria kabla ya kutumwa, na nakala yake itunzwe mahali salama.